Upande wa Nyuma

Saa nne na robo namtoa mara ya mwisho.
Bakuli la maji nimeliondoa tangu isha,
akaliangalia likienda
kama mdeni anavyoangalia kochi lake likibebwa.

Katoni ya mafuta ya kupikia,
mlango nimeukata kwa kisu cha mkate,
iko ubavuni pa kitanda, usawa wa mkono wangu.
Ndani, fulana ya Mwadime, haijafuliwa,
na saa ya mezani iliyoviringwa kwa leso.

Saa ni ya Bi Rukiya wa ghorofa ya juu.
Mbwa hamgusi, ngazini hapishani naye,
ila usiku wa pili alisikia kile kilio mpaka alfajiri,
akaishusha kwa kamba, ndani ya kikapu, hadi roshani yangu:
"Mwekee karibu. Atadhani ni moyo wa mamake."
Tangu hapo tik, tik, chini ya kitambaa,
na Kaimati, mviringo, rangi ya sukari iliyoungua,
anatega sikio.

Mwadime alimleta ndani ya mkoba wa shule.
Siku sita akanifundisha kumshika,
ya saba akarudi bweni, Voi.
"Mama, usimpigie kelele."
Nikasema sawa.

Saa saba. Kucha kwenye katoni, kra, kra.
Hapo huulizi. Huwashi taa. Kanga hufungi vizuri.
Unambeba, maana ukimwacha atembee
kidato cha tatu ni chake,
na nimeshakipangusa kwa siki mara tano.
Vidato kumi na vinane, kifuani,
tumbo lake moto kama mkate wa mofa.

Mikindani haijalala. Malori ya bandari yanaguna,
taa za Kipevu zinawaka kana kwamba bili haiwahusu.
Mahali ni pale pale, chini ya mwarobaini,
kwa kuwa pua yake hukumbuka kabla yake.
Nasimama, sisemi. Mbu wanakula vifundo vyangu.
Anaanza na jani. Anasahau. Anahamia kandambili yangu.
Kisha anachuchumaa, macho yamelegea,
na kimkojo chembamba, kirefu kuliko mwenyewe.

"Ndiyo, baba. Hapo hapo. Ndiyo."

Ndiyo, baba.
Neno hilo nilikuwa nalo siku zote?

Mwadime alikuwa na miaka saba, minane.
Jerikeni la maji shilingi ishirini na tano,
mkokoteni uje ama usije,
na kwenye shuka, kila asubuhi, ramani mpya.
Godoro nililitoa nikaliegemeza ukutani, upande wa barabara.
Lipate jua, nilisema.
Jua lilikuwapo na upande wa nyuma.
Watoto wakapita, wa madrasa, wa tuisheni,
wakamwimbia,
naye mlangoni, sare kavu, akihesabu vifungo.

Hakuna usiku hata mmoja niliombeba.
Nilikuwa nimechoka, ndiyo, jinzi mia mbili kwa zamu,
vidole vimeingia rangi ya buluu.
Lakini hata sasa nimechoka,
na niko hapa, usiku wa manane,
namsifu mbwa.

Saa kumi tunashuka tena.
Kukipambazuka natia mkono katonini:
kona nne, fulana, leso. Nanusa. Kavu.

Si kila siku. Juzi alilowesha vyote, na saa ikasimama,
nikaianika dirishani ikauke.
Dirisha la nyuma.

Jumamosi anapiga kwa simu ya matroni.
"Analalaje?"
"Mkavu. Leo pia."
"Hukumpigia kelele?"
"Hapana."
Anacheka, halafu hacheki,
nasikia ndoo zikigongana kwenye korido.
"Mwadime," nasema, "lile godoro..."
"Mama," anasema, upesi, kwa upole,
"maji usisahau. Yatoe mapema."

Nayatoa, namwambia.
Nayatoa tangu isha.